Kaye ya siku tano: paruasi moja ya Goma ilipotafuta cha kujivunia

Kuhusu kisa hiki

Jina la paruasi (ushirika wa kanisa), mtaa wake, komunoté yake (dhehebu) na majina ya watu wote yameondolewa. Vyeo viwili vimebadilishwa. Mtu mmoja ambaye habari yake ni nyeti amesoma sehemu inayomhusu na ameikubali. Mimi nilikaa katika Kamati ya Yubile kama mwalikwa kutoka paruasi jirani, kwa kazi ya kufundisha Neno. Kwa hiyo baadhi ya makosa yanayoelezwa hapa nilishiriki. Ninaandika kwa ajili ya wachungaji, wazee na mashemasi ambao siku moja wataulizwa na wageni: kanisa lenu linajivunia nini?

Usuli

Paruasi hii ya kiprotestanti iko kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kama kikundi cha maombi nyumbani kwa mshiriki mmoja, kisha ikajenga kanisa la mbao. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani, na kanisa lile likaungua pamoja na benchi, ngoma na rejista za ubatizo. Washiriki walipojenga tena walijenga juu ya lava iliyopoa, kwa mawe meusi yaliyovunjwa kwa nyundo pale pale kwenye parseli (kiwanja). Mtu wa Goma hahitaji kuelezwa hili: moto uliotuchomea nyumba ndio uliotuachia mawe ya kujengea.

Kufikia 2023, mwaka wa yubile ya miaka 25, palikuwa na kuta imara, ibada mbili kila Jumapili, kwaya saba na shule ya msingi nyuma ya uwanja. Wakati huo huo vita vya Rutshuru vilikuwa vimejaza watu katika kambi ya Kanyaruchinya, na wengine waliotoka Masisi walikuwa katika kambi ya Bulengo chini ya maturubai. Kila asubuhi akina mama wakimbizi walipita getini wakiomba kufua nguo ili wapate unga wa siku. Kupanga sikukuu katika hali hiyo hakukuwa jambo jepesi, na heshima ya kamati ni kwamba hakuna aliyejifanya kuwa ni jepesi.

Kikao cha kwanza: orodha ya ubaoni

Mwenyekiti aliuliza swali la kawaida: "Wageni wakija, tuwaonyeshe nini?" Majibu yaliandikwa kwa chaki. Jengo. Kwaya saba. Sinte mpya (kinanda cha umeme) na bafle (spika) zake. Idadi ya waliobatizwa. Shule. Washiriki watatu wenye vyeo serikalini. Kisha Papa Mzee wa ujenzi akaleta pendekezo lililopokelewa kwa makofi: jiwe la marumaru mlangoni, lenye majina ya waliochangia, katika safu tatu kulingana na kiasi. Safu ya juu ingeitwa Nguzo.

Ningependa msomaji asiwahukumu haraka. Hao ni watu waliobeba mawe kichwani mwaka 2002 wakati wao wenyewe walikuwa wakilala kwa jamaa. Kuona ukuta umesimama na kutaka kusema "tazama" ni jambo la kibinadamu, na si dhambi kwa kuanzia.

Katibu, dada kijana anayefundisha pale shuleni, alipewa kazi ya kuandika historia ya paruasi kwa kurasa nne. Alipewa ufunguo wa kabati la mashemasi.

Alichokikuta kabatini

Chini ya vitambaa vya meza ya Bwana alikuta kaye (daftari) ya shule, ganda la buluu, kurasa za mwisho zimegandana kwa mvua. Ilianza usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, usiku ambao Nyiragongo ilipasuka tena, lava ikateketeza nyumba upande wa Buhene na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Waliokimbia kutoka kule juu walishuka mjini gizani, na mashemasi wakafungua kanisa. Mtu mmoja alishika kalamu. Nanukuu mistari minne, baada ya kuondoa majina:

"Mama na watoto 4. Usiku 3. Kwa Papa seremala. Mikeka 2, sufuria 1."

"Mzee peke yake, mguu umeungua. Chumba cha kwaya. Kesho apelekwe sentre ya afya."

"Vijana 3, kanisa lao hatujui. Kwa Mama wa sambaza (muuza dagaa). Unga kilo 2."

"Msichana na mtoto mchanga. Anaogopa wanaume. Kwa Mama Shemasi mwenyewe."

Kaye inakwenda hivyo kwa siku tano, kisha inakatika katikati ya ukurasa. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru wakazi wa mitaa kumi ya Goma waondoke, kwa hofu kwamba magma ilikuwa chini ya mji na chini ya ziwa. Mtaa wa paruasi ulikuwa mmoja wa hiyo kumi. Wenyeji na wageni wao waliingia barabara moja ya kwenda Sake, mji mdogo magharibi mwa Goma, kwa miguu, kwa moto (pikipiki), kwa chukudu (baiskeli za mbao) zilizobeba magodoro. Kule Sake paruasi ndogo, maskini kuliko hii, iliwapokea mpaka serikali ilipotangaza mwanzoni mwa Juni kwamba watu warudi kwa awamu. Kuhusu siku zile za Sake hakuna hata mstari mmoja ulioandikwa. Waliotoa walikuwa na daftari. Walipogeuka kuwa wapokeaji hawakuandika chochote. Jambo hilo lilinigusa kuliko kaye yenyewe.

Katibu alikuta pia faili la pili. Miaka kadhaa kabla, mshika keshi (mhazini) wa paruasi alichukua makuta (fedha) ya mabati. Wazee hawakuficha. Waliwaambia washiriki Jumapili, baada ya kumwambia yeye kwanza peke yake na kisha mbele ya mashahidi wawili, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Alilipa kidogo kidogo kwa miaka miwili, risiti zote zimo, na ya mwisho ina maandishi ya mchungaji: "Deni limekwisha. Karibu mezani."

Kikao cha pili: Nehemia dhidi ya kaye

Katibu alisoma kaye nzima, sauti yake ikiwa ya kawaida kama anayesoma mahudhurio. Alipomaliza alisema orodha ya ubaoni ni ya vitu tunavyovimiliki, na hii ni ya watu tuliopewa; yeye hajui historia ya kanisa iandikwe kwa ipi.

Papa Mzee wa ujenzi alijibu, na alijibu vizuri: "Dada yangu, wageni wakikuja wataona nini, kaye yenye maji? Mimi nasimama na Nehemia sura ya 3. Pale kila mtu ameandikwa jina na kipande cha ukuta alichojenga. Hata mabinti za Shalumu wameandikwa. Kama Biblia haikuona aibu kuwataja wajenzi, sisi tunaona aibu ya nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, mimi pia sikuwa nalo. Mmoja alisema fedha za jiwe ziende Bulengo, mwingine akasema maskini hawakumalizika hata siku za Bwana Yesu, na kikao kikaanza kuchemka. Mchungaji akafanya uamuzi ambao naona ndio uliookoa mambo yote yaliyofuata: hakupigisha kura. Aliahirisha kwa wiki tatu, na kila Jumatano kamati isome Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 8 na ya 9, pamoja.

Jumatano tatu

Nilikuwa nimezoea kufundisha sura hizo kama mafundisho ya sadaka. Safari hii tulizisoma tukiuliza swali moja tu: hapa nani anamsifu nani, mbele ya nani?

Paulo anawasifu Wamakedonia mbele ya Wakorintho: umaskini wao mwingi ulizaa utajiri wa ukarimu. Kisha, sura ya 9, anakiri kwamba huko Makedonia amekuwa akiwasifu Wakorintho, kwamba Akaya, jimbo lao, ilikuwa tayari tangu mwaka jana. Kila kanisa linasifiwa mahali ambapo halipo. Kwa Wathesalonike vivyo hivyo: Paulo anasema anajisifu kwa ajili yao katika makanisa ya Mungu, kwa sababu ya saburi na imani yao katika dhiki. Na anapoulizia taji yake ya kujionea fahari ni nini, jibu lake ni watu: "Je! Si ninyi?" Lakini Wakorintho wanapojisifu wenyewe huku uovu umo ndani na hawauhukumu, anawaambia kujisifu kwenu si kuzuri. Na kanisa la Laodikia, katika Ufunuo 3, linajieleza kwa kinywa chake: mimi ni tajiri, sina haja ya kitu. Hakuna mwingine anayetajwa katika sentensi hiyo.

Katibu, ambaye ni mwalimu wa lugha, alitupatia neno lililobaki kwetu. Kiswahili kina kujivuna, kisha kina kujivunia. Kujivuna kunatosheka chenyewe, mtu hujivuna peke yake chumbani. Kujivunia hakuwezi kusimama bila kitu au mtu mbele yake. Lazima useme nani. Yeremia 9 inafunga mlango kwa hekima, nguvu na mali, kisha inaacha mmoja wazi: ajisifuye ajisifu kwamba anamfahamu Bwana. Hata hapo kuna Mwingine.

Jambo la pili tuliliona Jumatano ya mwisho. Baada ya kuwasifu Wakorintho, Paulo anaogopa. Anatuma ndugu watangulie ili changizo liwe tayari kweli, asije akaja na Wamakedonia wakakuta maneno matupu na wote wakaaibika. Kwake yeye, sifa ni kama hundi: ukiitoa, lazima kuwe na fedha benki.

Maamuzi na sababu zake

Kamati iliamua jiwe liwekwe, lakini dogo, lenye mwaka na aya ya Yeremia, bila majina wala safu. Sababu iliyotolewa ni kwamba Nehemia sura ya 3 inaandika kazi ya mtu, haiandiki kiasi cha fedha wala haipangi watu kwa ngazi. Hesabu ya waliobatizwa ilibaki katika historia; Luka naye, katika Matendo ya Mitume, anahesabu watu wapata elfu tatu, lakini aya inayofuata inaeleza walidumu katika nini. Kwa hiyo katibu alitakiwa aandike, kando ya idadi, ni wangapi wanaojulikana walipo leo. Kazi hiyo ilimchukua miezi miwili na ilileta majonzi: sehemu kubwa ya vijana waliobatizwa hawakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa akiwafuatilia. Wazee walikubali isomwe hivyo hivyo.

Uamuzi wa tatu ndio ninaoupenda. Sehemu ya bajeti ya chakula ilitumika kuwaleta wajumbe kumi na wawili wa ile paruasi ya Sake, na hotuba kuu ya yubile ikawa habari zao. Kaye nayo ingesomwa, baada ya Sake.

Kuhusu mshika keshi, mchungaji alitaka kisa chake kitajwe bila jina, kwa sababu aliona hakuna alama kubwa ya afya ya kanisa kuliko mkosaji aliyerudishwa mezani. Niliunga mkono. Lakini Mama Shemasi alisema aulizwe kwanza mwenyewe. Aliulizwa. Jibu lake lilikuwa fupi: "Papa Mchungaji, mlikwisha kunisamehe. Msinisamehe tena mbele ya wageni." Kikaondolewa. Ameruhusu kiandikwe hapa kwa sababu, alivyosema, wanaosoma hawajui uso wake wala hawajui alipo.

Matokeo

Yubile ilifanyika Agosti 2023. Mchungaji aliposimulia jinsi paruasi ya Sake ilivyolala nje chini ya mgomba ili wageni wao walale ndani, mama mmoja wa Sake aliyekuwa mstari wa mbele alifunika uso kwa kitenge. Mchungaji wao alipopewa nafasi hakuzungumzia Sake hata kidogo. Alieleza jinsi watu wa Goma walivyowachimbia choo na kuwaachia magodoro yao walipoondoka. Sisi hatukulijua hilo. Halikuwa katika kaye.

Kisha katibu alisoma kaye, na hapo tulikosea. Majina ya wenyeji yalisomwa pamoja na ya wageni. Msimamizi wa programu, kwa furaha yake, akawaomba waliopokea wageni wasimame. Makofi, vigelegele. Kisha akasema: "Na waliopokelewa, simameni tuwaone!" Yule msichana aliyeandikwa kwamba anaogopa wanaume alikuwa amebaki katika kanisa hilo tangu 2021, mtoto wake alikuwa akitembea tayari. Alisimama nusu, akakaa, akamvalisha mtoto viatu, akatoka kabla ya chakula. Mstari wake ulikuwa umesomwa mbele ya mamia ya watu. Mimi nilikuwa nikipiga makofi. Mchungaji na mkewe wamemtembelea mara mbili na kumwomba msamaha. Aliupokea kwa adabu. Anasali mahali pengine sasa.

Papa Mzee wa ujenzi alijiuzulu mwezi uliofuata. Wachangiaji wawili waliondoa ahadi zao, na mabati ya madarasa mawili ya shule yakachelewa mwaka mzima. Watoto walisoma kwa zamu.

Februari 2024 vita vilifika Sake, na watu wake wakamiminika Goma kwa barabara ile ile, safari hii wakitembea upande wa pili. Wale wajumbe kumi na wawili walikuwa na namba za simu na walijua geti lilipo. Mashemasi walifungua kanisa usiku huo huo.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza ni kuahirisha. Kikao cha pili kingepiga kura, upande mmoja ungeshinda, na kanisa lingepata jiwe au lisingepata, bila mtu yeyote kujifunza kitu. Wiki tatu za Biblia wazi ziliwapa watu wa pande zote maneno ya pamoja. Mchungaji mwenye haraka hawezi kufanya hivi, na nakiri wengi wetu tuna haraka.

Pili ni mwelekeo wa sifa. Kanisa lilipowasifu Sake, lilijifunza habari zake lenyewe kutoka kinywa cha Sake, habari ambazo lisingeweza kujisimulia bila kujivuna. Na sifa ile ilifunga agano. Nasema wazi: sidhani milango ya Februari 2024 ingefunguka kwa wepesi ule kama Agosti tungekuwa tumetumia fedha zile kwa marumaru. Hundi ilitolewa mbele ya mashahidi, na ilipoletwa benki ililipwa.

Tulishindwa kwa wajenzi. Hoja ya Nehemia 3 ilikuwa na nguvu kuliko jibu tulilompa Papa Mzee. Tulikataa safu za fedha, ni sawa, lakini tungeweza kuandika nani alivunja mawe, nani alichanganya saruji, nani alipika kwa mafundi. Au mchungaji angepita nyumba kwa nyumba kushukuru kwa jina, jioni, bila spika. Hatukufanya lolote. Tuliwaondolea watu shukrani ya namna moja bila kuwapa nyingine, kisha tukashangaa kwamba wameumia. Aliyejinyima sukari miezi sita kwa ajili ya bati moja hana kiburi anapotaka mtu aseme asante. Barua ya kumshukuru Papa Mzee iliandikwa mwaka mmoja baadaye, ilipaswa kutangulia.

Kosa la kaye ni zito zaidi, kwa sababu lilitokea ndani ya jambo letu zuri kuliko yote. Kaye iliandikwa ili watu wasilale njaa: nani yuko wapi, nani anahitaji nini. Tulipoisoma kwenye spika, tulibadilisha kazi yake bila kubadilisha maneno yake, na mstari ulioandikwa kumlinda msichana ukamvua nguo. Kwa mshika keshi tuliuliza ruhusa. Kwa wageni wa 2021 hatukukumbuka kwamba ruhusa inahitajika. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu yeye alikuwa mmoja wetu, mwenye jina na cheo cha zamani, na wao katika fikra zetu walikuwa bado "wageni wetu", sehemu ya ukarimu wetu. Hapo ndipo tulipokuwa tumerudi kwenye orodha ya ubaoni pasipo kujua: watu walikuwa wamegeuka mali, kama sinte.

Februari 2024, kabla ya familia ya kwanza kutoka Sake kuandikwa, Mama Shemasi alinunua kaye mbili. Moja ina safu tatu tu: idadi ya watu, wanachohitaji, zamu ya kupika. Hiyo inakaa mezani na kila mtu anaisoma. Majina ya wageni yako katika ile ya pili, ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao yeye.